Shirikisho la Kunde na Choroko

Mtu wa kwanza kunipa cheo serikalini alikuwa mwalimu wetu wa Uraia, na serikali yenyewe haikuwepo popote duniani. Nilikuwa darasa la saba. Cheo kilikuwa Mkuu wa Idara ya Kuomba Radhi katika Shirikisho la Ramunda, na nilikipokea nikiwa pekupeku, viatu nimevishika mkononi, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na mama alikuwa ameapa kwamba vikichakaa kabla ya Krismasi nitakwenda shule na ndala zake. Leo nafanya kazi dirisha la huduma katika ofisi moja ya umma hapa Korogwe. Watu wakiniuliza nilisomea wapi namna ya kuongea na wananchi, nawatajia chuo, maana ndicho wanachotaka kusikia. Jibu la kweli ni refu kidogo, na ndilo hili.

Jina lake silitaji. Kwanza hatukuwa tukimwita kwa jina. Alikuwa Mwalimu wa Uraia, basi, na hata wazazi wetu walimwita hivyo wakikutana naye gengeni. Pili, yu hai, ana ulimi mkali kuliko wangu, na hapendi kusemwa.

Alikuwa mfupi, mwenye sauti ambayo ingefika kijiji cha pili bila kulipa nauli. Chaki aliiweka nyuma ya sikio kama fundi seremala anavyoweka penseli, na mara nyingi aliisahau huko, akaenda nayo sokoni na kurudi nayo. Mitandio yake yote ilikuwa na doa jeupe upande wa kulia. Akikasirika alianza kwa Kiswahili akamalizia kwa Kizigua, na sisi tusiokijua Kizigua ndio tulioogopa zaidi, kwa sababu hatukujua tumeambiwa nini.

Shule yetu ilikuwa kwenye shamba la zamani la mkonge, safari fupi kutoka Korogwe mjini. Wengi wetu tulikuwa wajukuu wa manamba, wale vibarua walioletwa zamani kutoka kila pembe kuja kukata mkonge. Babu yangu mimi alitoka Songea. Babu wa Halima, rafiki yangu tuliyekaa dawati moja tangu darasa la kwanza, alitoka Kigoma. Kulikuwa na Washambaa ambao wazazi wao walishuka kutoka Vugiri kutafuta mashamba ya tambarare, kulikuwa na Wazigua wenye ardhi yao, na watoto kadhaa wa wafugaji waliokuja shule na fimbo na kuziacha nje ya mlango kwa adabu kubwa. Tulicheza pamoja vizuri tu mpaka mtu akanyang'anywa mpira. Hapo ndipo ungesikia, "Rudini kwenu!" Na anayeambiwa arudi kwao na anayemrudisha walikuwa wamezaliwa zahanati moja, wakapokelewa na mkunga mmoja.

Siku moja wavulana wawili walipigana kwa neno hilo hadi mmoja akapasuka mdomo. Tulisubiri fimbo. Mwalimu wa Uraia hakuchapa mtu. Kesho yake alikuja na mfuko wa kitambaa, akauweka mezani, akasema, "Leo mnahama nchi. Fungeni mizigo."

Ndani ya mfuko alikuwa amechanganya kunde, choroko, mbaazi na maharage. Kila mmoja alipita mbele, akafumba macho, akaingiza mkono na kutoa punje moja. Ulichokishika ndicho kwenu. Mimi nilitoa choroko, nikawa mtu wa Jimbo la Choroko, safu ya madawati ya upande wa mlangoni. Halima alitoa mbaazi. Tulilia, maana hatukuwahi kutengana. Mwalimu alitutazama akasema, "Lieni vizuri. Mkimaliza, fungueni ubalozi."

Nchi aliiita Ramunda. Alituambia alilitafuta jina kwa siku kadhaa, akitaka lisilo na maana kwa Kizigua, wala kwa Kishambaa, wala kwa Kimasai, wala kwa lugha yoyote ya mababu zetu, asije akatokea mtu akasema nchi hii ni ya ukoo wake. Ilikuwa shirikisho, yaani majimbo manne yenye serikali zake ndogo na serikali moja kubwa juu yao, na hapo ndipo somo lilipokuwa. Kila asubuhi tulilazimika kuamua lipi ni la jimbo na lipi ni la wote. Ufagio ulikuwa wa jimbo. Chaki ilikuwa ya shirikisho. Vidumu vya maji tulivyobeba kutoka nyumbani vilikuwa vya jimbo mpaka vikamwagwa kwenye pipa, na vikishamwagwa ni vya shirikisho, na asilalamike mtu kwamba maji yake yalikuwa masafi kuliko ya wenzake.

Kesi iliyotusumbua ilikuwa ya dirisha. Lilikuwa katikati ya Kunde na Mbaazi, bovu, lenye bawaba moja. Watu wa Kunde walilifunga kwa sababu vumbi la barabarani liliwaingia wao. Watu wa Mbaazi walilifungua kwa sababu joto liliwapiga wao. Mwalimu angeweza kukata shauri kwa neno moja. Badala yake alikaa nyuma ya darasa, akamenya chungwa, akatuacha tubishane, siku baada ya siku, kila kipindi chake. Mwishowe sisi wa Choroko na wa Maharage, ambao dirisha halikutuhusu, tukachoka, tukapiga kura kwamba fremu ni mali ya shirikisho lakini saa za kufungua na kufunga zitapangwa na majimbo mawili jirani, na wakishindwana tunalipigilia misumari. Hawakushindwana tena. Mimi mpaka leo nikisikia watu wazima kwenye redio wanabishana kuhusu madaraka ya nani yaishie wapi, naliona dirisha lile.

Idara zilitokana na sheria yake moja ya ajabu: anayelalamika ndiye anayekuwa mkuu wa idara. Ukisema vyoo vinanuka, hongera, wewe ni Mkuu wa Idara ya Vyoo. Ukisema kengele inachelewa, Idara ya Saa ni yako. Hamza, mtoto wa Kimakonde mwenye maneno mengi, alilalamika mambo matatu asubuhi moja akatoka na idara tatu, na hadi saa nne alikuwa anatembea kama mzee. Mkuu wa idara alikaa kwenye cheo mpaka kero iishe au mpaka atokee wa kumlalamikia yeye, na huyo ndiye angechukua nafasi.

Sheria ile ilitufanya tuwe watu wa kutenda, hilo sikatai. Lakini ilikuwa na ugonjwa wake, na mtu wa kuuona alikuwa yeye mwenyewe. Baada ya muda darasa lilinyamaza. Paa lilivuja juu ya dawati la Maharage, na watu wa Maharage wakasogeza dawati kimyakimya, wakakaa wamebanana kama dagaa, hakuna aliyefungua mdomo kwa kuogopa cheo. Mwalimu aliingia, akaona maji sakafuni, akasimama. Akauliza kwa nini hakuna aliyesema. Hamza, ambaye idara zilikuwa zimemkomaza, akajibu, "Mwalimu, kusema ni gharama."

Aliweka kitabu chini. "Sheria hii ni mbovu," akasema, "na aliyeitunga ni mimi. Nimewafundisha kunyamaza." Siku ile tukabadilisha katiba: mlalamikaji hataachiwa kazi peke yake, atapewa mtu kutoka kila jimbo. Sikuwahi kumwona mtu mzima akisema mbele ya watoto kwamba amekosea na dunia ikaendelea kuzunguka. Nyumbani kwetu baba akikosea, tulikuwa tunaambiwa tukalale.

Idara yangu ilizaliwa hivyohivyo, kwa lalamiko. Nililalamika kwamba watu wa Kunde walitukanyagia bustani ya mchicha na hakuna aliyetuomba radhi, kila mmoja anasema si yeye. Nikapewa Idara ya Kuomba Radhi. Kazi yake ilikuwa kwenda kwa waliokosewa kabla ya chai ya saa nne na kuomba radhi kwa niaba ya serikali, hata kama mimi mwenyewe sikukosa kitu. Nilikataa mwanzoni. Nikamwuliza nitaombaje radhi kwa kosa la Hamza na wenzake wa Kunde. Akaniambia, "Serikali isiyojua kuomba radhi ni kama mtu asiyejua kukohoa. Siku moja itapaliwa. Wewe kohoa."

Alinifundisha namna. Usianze na "lakini." Taja kosa lenyewe, usiseme "yaliyotokea." Na lazima umalizie kwa swali: tufanye nini ili mtulie? Alisema radhi isiyo na swali la mwisho ni salamu tu. Hayo ndiyo ninayoyafanya dirishani kwangu kila siku mtandao ukikatika na mama wa watu ametoka Kerenge tangu alfajiri. Sisemi "mfumo uko chini" nikageuza uso. Namwambia umesafiri bure leo kwa sababu yetu, tunakuomba radhi, je, niandike namba yako ya simu nikupigie mtandao ukirudi? Wenzangu wananitania kwamba nimezidi upole. Wananchi hawajawahi kunitania kwa hilo.

Msije mkadhani alikuwa mtu wa kunyooka kila mahali. Mwanamke huyu aliyetufundisha kwamba serikali ni mtumishi wetu aliogopa ofisi kuliko nyoka. Akiwa na shida ya kwenda kwa wakubwa mjini alivaa kitenge chake cha sherehe, akafika, akakaa kwenye benchi la nje akiwa na mkoba magotini, na hakubisha hodi. Alisubiri mtu atoke amwone. Mama yangu alimkuta hivyo siku moja, akamwambia, "Mwalimu, mbona huingii? Si wewe unayewafundisha watoto haki zao?" Akajibu, "Nafundisha ili wao waingie. Mimi miguu imeshazoea benchi."

Alituhubiria kuwahi, na mwenyewe alikuja baada ya kengele akiwa anatafuna muhogo. Alitufundisha kura ya siri, na kwake hakukuwa na kura ya aina yoyote. Mumewe alikuwa fundi baiskeli mwenye kibanda kizuri njia panda ya kuingia Korogwe, mtu mpole mwenye vidole vyeusi vya grisi, na sisi tukienda kwao kuchota maji ya mvua alitusimulia kwa sauti ya chini, "Huko shuleni mna majimbo manne. Hapa kwetu hakuna hata bunge." Kutoka ndani sauti ingemjibu, "Nimesikia!" Mume alipenda kusema hivyo, na mke alipenda kujibu hivyo, na nilipokuja kuolewa ndipo nilipoelewa kwamba ule ulikuwa mchezo wao.

Sasa nifike kwenye jambo lililotutenganisha.

Mtihani wa majaribio wa darasa la saba ulikuja, ule unaofanywa kabla ya mtihani wenyewe ili wakubwa wajue nani yuko tayari. Karatasi zetu zilisahihishwa na walimu wa shule nyingine. Kwenye Uraia tuliulizwa tueleze kazi za idara mbili za serikali, tueleze sheria inavyotungwa, tueleze mgawanyo wa madaraka. Maswali mepesi! Tulitoka nje tukirukaruka. Hatukujua kwamba karibu darasa zima limeandika Ramunda. Si kwamba hatukuijua Tanzania. Tuliijua, tungeweza kuitaja wilaya kwa wilaya. Lakini ukimwuliza mtoto aeleze sheria inavyotungwa, naye ameona moja tu ikitungwa kwa macho yake, ataeleza hiyo. Tuliandika habari za dirisha la bawaba moja. Tuliandika Idara ya Vyoo na kazi zake, kwa ufasaha. Mimi niliandika kurasa mbili juu ya Idara ya Kuomba Radhi, nikaongeza karatasi.

Wageni wawili walikuja asubuhi moja, mratibu wa elimu tuliyemzoea na mgeni mwingine wa juu yake, mwenye suti ya kijivu. Mwalimu wetu aliambiwa asimame nyuma ya darasa. Mgeni alishika fungu la karatasi zetu.

"Nani amewafundisha mambo ya majimbo?" akauliza. "Shirikisho! Hii ni siasa ya nani?"

Kuku alipita mlangoni, hata yeye akaona hali si nzuri, akageuza.

"Nauliza. Ramunda ni chama?"

"Si chama, ni nchi," Hamza akasema, akidhani anasaidia.

Mratibu akashika kichwa. Mgeni akasema kwamba hajawahi kuona jambo kama hili, kwamba ametoka mbali, kwamba darasa zima limemletea fedheha kazini. Na hapo mimi, Mungu wangu, nikasikia kazi yangu inaniita. Mtu amekosewa, na saa nne haijafika. Nikasimama.

"Ndugu wageni," nikasema, "kwa niaba ya Shirikisho la Ramunda na majimbo yake manne, tunawaomba radhi kwa kuandika majibu yasiyohusika na kuwaletea fedheha kazini. Tufanye nini ili mtulie?"

Mgeni alinitazama kama mtu aliyesalimiwa na mbuzi. "Nani kakutuma?"

"Hakuna, mheshimiwa. Ni idara yangu."

Mratibu alitoka nje haraka, na tukasikia kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Nikageuka kumtazama Mwalimu. Alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio, macho yamejaa maji, na sikuweza kujua analia au anacheka. Nadhani vyote.

Wakaenda naye ofisi ya mwalimu mkuu, wakafunga mlango. Walikaa humo muda mrefu. Aliporudi alifuta ubao wote, akaufuta tena ulipokuwa umeshakuwa mweusi, akafungua kitabu cha Uraia ukurasa wa kwanza. Kuanzia siku hiyo tulisoma Tanzania kwa kitabu, wizara kwa wizara, asubuhi, mchana, na Jumamosi kwao barazani, tukiimba majibu. Ramunda haikutajwa. Mtu akijisahau akasema "sisi wa Mbaazi," Mwalimu aliinua kidole tu. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na hilo ndilo lililotutisha. Tulisoma kama watu wanaokimbia mvua.

Tukafanya mtihani wenyewe. Matokeo yalipotoka tulikuwa tumechaguliwa kwenda sekondari wengi kuliko miaka ya nyuma, mimi nikiwemo, Halima akiwemo, hata Hamza. Nilikimbia hadi nyumba ya mwalimu kumwambia. Mlango ulikuwa na kufuli, na pale njia panda kibanda cha baiskeli kilikuwa kimebaki miti mitupu. Mwalimu mkuu akasema amehamishiwa Handeni, shule ya mbali, ndani huko. Hakuongeza neno.

Watu wakaongeza. Wengine walisema alimjibu mgeni vibaya. Wengine walisema alikuwa na siasa zake. Baba yangu alisema ukaidi humponza mtu, na mama akamwambia anyamaze, maana hakuwepo. Mimi nilichotaka kujua ni kimoja tu: mle ofisini, mlango ulipofungwa, alisema nini? Kwa sababu angeweza kusema ulikuwa mchezo wa watoto na mambo yakaisha. Kila mtu alijua hivyo. Nilikua na swali hilo, nikaenda nalo sekondari na chuo, nikaolewa nalo.

Mwaka jana nilikwenda Handeni kwenye harusi ya mfanyakazi mwenzangu. Wakati tunasubiri msafara wa bwana harusi, ambao ulichelewa kama misafara yote, nilimwuliza mama mmoja jikoni kama anamfahamu mwalimu mmoja mstaafu, mfupi, mumewe fundi baiskeli. Akacheka. "Yule mwenye kelele?" Nikajua nimefika, akanielekeza kwao.

Walikuwa uani. Mumewe ameinamia tairi, yeye amekaa kwenye kigoda anapepeta mahindi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba." Akanitazama, ungo mkononi. "Zawadi! Mama hajambo? Na hivyo viatu vya harusi unavipitisha kwenye matope yangu, una wazimu?"

Nilikaa. Tulikula ugali na mlenda, tukazungumza habari za watu, nani kafa, nani kajenga. Alitaka kujua habari za kila mmoja, na nilipomwambia Hamza ni diwani alicheka hadi akapaliwa. Ndipo nikauliza. Nilisema, "Mwalimu, siku ile ofisini, uliwaambia nini?"

Akavuta ungo wake, akapepeta. Mumewe ndiye aliyesema, bila kuinua kichwa, "Mwambie. Keshakuwa mtu mzima."

"Hawakuwa watu wabaya," akaanza. "Yule wa suti alitaka kunisaidia. Alisema, mwalimu, wewe tuandikie tu kwamba hukuwafundisha hayo. Sema watoto wenyewe ni wazito, wamechanganya mambo. Wewe utabaki hapa, nyumba yako utabaki nayo. Nikamwuliza, na wao? Akasema wao watakariri darasa. Wote. Wakae mwaka mwingine hadi waelewe."

Nilihesabu haraka kichwani. Mwaka ule uliofuata baba aliumia mgongo, na wadogo zangu wote waliacha shule wakaenda kulima. Mimi nilinusurika kwa sababu nilikuwa tayari sekondari, kwa baba mdogo, mbali na nyumbani. Ningekuwa nimekariri la saba, ningekuwa na jembe. Halima hali kadhalika, wao walikuwa yatima. Nadhani aliona.

"Nikawaambia watoto wale si wazito hata kidogo," akasema. "Walinisikiliza mno, hiyo ndiyo shida yao. Kama kuna mtu wa kuhamishwa, nihamisheni mimi, wao waacheni wafanye mtihani. Mgeni akasema, mama, fikiri kwanza. Nikamwambia nimeshafikiri. Uongo mtupu, Zawadi. Sikuwa nimefikiri hata kidogo. Nilifikiri njiani narudi darasani."

"Ulijuta?"

"Sana! Tulipofika huku, kila nikienda kutafuta maji najuta. Mwaka mzima. Huyu hapa hakupata mteja hata mmoja, watu wa kule walikuwa na baiskeli tatu tu, na mbili zilikuwa nzima."

"Mbona hukutuambia?"

"Nani awaambie watoto maneno mazito hivyo kabla ya mtihani? Mngesoma kwa hofu yangu. Tayari mlikuwa na hofu ya kutosha."

Yeye akaendelea kupepeta, na mumewe ndiye aliyemalizia habari, akiwa bado anapapasa tairi kutafuta pancha.

"Matokeo yenu yalipotoka, alinituma Korogwe kuyasoma pale ubaoni shuleni. Nilikwenda kwa baiskeli, nikarudi siku ya pili. Nikamtajia waliochaguliwa, mmoja mmoja. Akaniambia mchinje jogoo. Tulikuwa na jogoo mmoja tu, wa mbegu. Nikamwambia, mama, huyu ndiye kuku wetu wote wa kesho. Akasema mchinje." Alicheka kidogo. "Tulikula wawili, hatuna mgeni, hatuna jirani tuliyemzoea. Kila pande akilichukua analitajia jina. Hili la Halima. Hili la Hamza, shingo, maana anaongea sana. Mpaka tukammaliza."

Nikauliza kama na mimi nilitajwa.

"Wewe?" Mwalimu akadakia, kwa ukali kana kwamba nimemtukana. "Wewe ulikuwa paja."

Nililia pale kwenye mkeka wake, na gauni langu la kwenda harusini, na wanja wote ukanimwagikia mashavuni. Nikamshika mikono yote miwili, na pumba zake za mahindi, nikamwambia asante, Mwalimu, asante sana, nikarudia mpaka akaniambia nipunguze sauti, majirani watadhani kuna msiba. Sikuipunguza.